Aliyeajiriwa na Kaskazi Hapandi Ngazi

Mwezi uliopita picha moja ilizunguka kwenye simu za watu wa Malindi mpaka ikachosha. Mwanamke amesimama mbele ya bwawa la kuogelea la hoteli moja kubwa ya ufukweni, koti jeusi, tabasamu la mtu aliyeambiwa asimame vizuri, na chini yake maandishi ya kumpongeza kwa kuwa mwanamke wa kwanza kuteuliwa meneja mkuu hapo. Majibu yalikuja kwa mikupuo miwili. Mkupuo wa kwanza: hongera dada, sasa mambo ya akina mama yatabadilika. Wa pili: mbona ni mtu wa bara, watoto wa hapa hawana vyeti? Niliyasoma yote, na sikuona hata mmoja aliyeuliza wale wanawake wanaotandika vitanda vya hoteli hiyo wamepewa kandarasi ya miezi mingapi. Swali hilo ndilo lenye uzito. Uteuzi ule ni habari njema kwa dada mwenyewe na jamaa zake, lakini haumpandishi mhudumu wa vyumba hata kipandio kimoja, mpaka mhudumu huyo awe na chama cha wafanyakazi kilicho hai na yeye mwenyewe awe na sauti ndani yake. Tumezoea kuyatenga mambo haya mawili: uongozi wa kampuni ni wa kina dada wenye shahada, chama ni cha wanaume wenye kelele. Mimi naona ni ngazi moja, na hapa kwetu imekatika katikati.

Kwa asiyekaa pwani nieleze kidogo. Hoteli zetu zinaishi kwa pepo. Kaskazi ikivuma, bahari hutulia, Waitaliano hujaa, na Krismasi huleta watu wa Nairobi. Kusi ikiingia na mvua za masika, mwani unajaa ufukweni, maji yanageuka mekundu kwa udongo wa mto Sabaki, na hoteli nyingine hufunga milango kabisa hadi katikati ya mwaka. Ajira hufuata upepo uleule. Shangazi yangu alitandika vitanda katika hoteli moja ya hapa kwa misimu kumi na mitatu, yaani kandarasi kumi na tatu. Kila Aprili alirudisha sare, akarudi Muyeye kukaanga mihogo. Kila Novemba alisimama langoni alfajiri akisubiri jina lake lisomwe. Msimu wa kumi na nne halikusomwa. Hakuna aliyemfukuza, kwa hiyo hapakuwa na la kwenda kulalamika ofisi ya kazi. Kandarasi yake ilikuwa imekwisha tangu Aprili, na kwa karatasi yeye hakuwa mfanyakazi wa miaka kumi na mitatu bali mfanyakazi mpya aliyewahi kuwa mpya mara kumi na tatu.

Hapo ndipo penye fundo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, inamkinga kibarua anayelipwa kwa siku: akifanya kazi mfululizo kwa muda unaofikia mwezi mzima, mkataba wake unageuka na anaanza kuhesabiwa kama mwajiriwa wa mwezi. Lakini aliyetia saini kandarasi ya miezi mitano yenye tarehe ya mwisho si kibarua wa aina hiyo, na mahakama zetu mara nyingi zimeshikilia kwamba kandarasi ya muda maalumu hufa yenyewe tarehe yake ikifika, bila mwajiri kudaiwa sababu. Sasa uchukue Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka huohuo wa 2007. Inasema chama kitatambuliwa na mwajiri kikiwa na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaoruhusiwa kujiunga. Mwandikishaji wa chama akija hotelini Desemba atakuta watu wengi na wote wako mbioni. Akirudi Mei atakuta bustani na mlinzi. Ada ya chama hukatwa kwenye mshahara, na aliye nyumbani hana mshahara wa kukatwa. Hata pale ambapo KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa nyumbani, hoteli, shule na hospitali, kimetia saini mkataba wa pamoja na waajiri, yule ambaye miaka yake ya utumishi huanza upya kila Novemba hafiki kwenye vile vipengele vitamu vinavyotegemea urefu wa kazi. Mhudumu wa msimu anapita chini ya sheria kama maji chini ya daraja.

Upande wa ofisi za juu, Kenya imetembea, na sitaki kubeza. Mwaka 1977 Mary Okelo aliteuliwa meneja wa tawi katika benki ya Barclays, wakati ambapo kumwona mwanamke kwenye kiti hicho lilikuwa jambo la kwenda kutazama. Miaka michache baadaye alikuwa miongoni mwa wanawake walioanzisha Kenya Women Finance Trust, shirika la kuwakopesha wanawake ambao hawakuwa na hatimiliki ya kuweka rehani. Katiba ya 2010, ibara ya 27, ikaleta kanuni ya theluthi mbili, kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili ya viti, ambayo Bunge limeikimbia kwa umahiri mkubwa kiasi kwamba Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje. Kampuni za binafsi, ajabu, zilikwenda mbele kuliko wabunge: uchunguzi wa Kenya Institute of Management ulionyesha wanawake kwenye bodi wamepanda kutoka asilimia 21 mwaka 2017 hadi 36 mwaka 2021. Na katika shirikisho la waajiri, FKE, chini ya uongozi wa miaka mingi wa wakili Jacqueline Mugo, ukaja mpango wa Female Future wa kuwafundisha wanawake wa ngazi za kati ili wafike kwenye umeneja na bodi.

Mpango huo mizizi yake iko Norway, ambako shirikisho la waajiri, NHO, liliuanzisha mwaka 2003, na ni vyema tuangalie Norway kwa sababu ndiko walikolijaribu jambo hili hadi mwisho wake. Mwaka huohuo nchi ile ilipitisha sheria kwamba kampuni kubwa za hisa ziwe na asilimia 40 ya kila jinsia kwenye bodi, na mwaka 2008 kampuni isiyotii ilikuwa inatishiwa kuvunjwa. Zikatii. Kisha wachumi wakaenda kuhesabu: je, wanawake wa chini katika kampuni hizo walifaidika? Walikuta kwamba walioingia kwenye bodi walikuwa na sifa nzuri tu, tena kuliko waliotangulia, ila chini yao hapakuonekana mabadiliko ya maana, si kwa mishahara wala kwa kupanda vyeo. Neema haikutiririka. Wanaotaka kuiponda sheria hiyo hulichukua tokeo hili kama ushahidi kwamba wanawake viongozi hawana faida. Sikubaliani nao hata kidogo. Linaonyesha kwamba bodi si bomba la maji. Ukimimina juu hakuna kinacholazimisha kifike chini. Na hali ya mwanamke wa kawaida Norway haikutegemea bodi hata siku moja. Huko wanawake wamejiunga na vyama vya wafanyakazi kwa kiwango kinachowazidi wanaume, na yale anayoyafurahia muuguzi au mhudumu wa Oslo yalipatikana kwenye meza ya mazungumzo zamani kabla ya 2003.

Sisi tuliazima ghorofa ya juu ya nyumba ile bila kuazima nguzo. Nani anapelekwa kwenye mafunzo ya uongozi? Yule anayeteuliwa na mwajiri wake. Na hakuna mwajiri duniani atakayemlipia mafunzo ya miezi kadhaa mtu ambaye kandarasi yake inakwisha Aprili. Kwa hiyo mwanamke wa Maweni au Kisumu Ndogo anayejua kila chumba, anayezungumza Kiitaliano alichojifunza kwa wageni, hayumo hata kwenye orodha ya kufikiriwa. Meneja mwanamke lazima atoke mahali pengine. Wale waliolalamika kwamba dada si wa hapa wamekasirikia matokeo na kuiacha sababu imekaa: mtu wa hapa hakuwahi kupewa muda wa kutosha kazini wa kupanda.

Tugeukie vyama, ambako kuna aibu yake. COTU, shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini, iliundwa mwaka 1965, na makatibu wakuu wake wote wamekuwa wanaume, akiwemo mwenzetu wa pwani Juma Boy aliyetoka chama cha wafanyakazi wa bandari, hadi Francis Atwoli aliyeshika nafasi hiyo tangu 2001. Wanawake katika matawi mengi hupewa kile cheo cha kupoza watu, mwakilishi wa wanawake, aitwe kwenye picha na asiitwe kwenye mazungumzo. Ila njia ipo na imeshapitiwa. Rose Omamo alisomea ufundi wa magari, akafanya kazi katika kiwanda cha kuunganisha magari Mombasa, katikati ya wanaume watupu, akaingia kwenye uongozi wa wafanyakazi kuanzia sakafuni, na akapanda hadi kuwa katibu mkuu wa chama cha wafanyakazi wa vyuma, Amalgamated Union of Kenya Metal Workers. Huyo hakuteuliwa na mtu aliyetaka kupendeza kwenye ripoti ya mwaka. Alichaguliwa na watu ambao wangeweza kumwondoa. Ikiwa jambo hilo limewezekana kwenye spana na grisi, sioni kinachozuia kwenye mashuka na mito.

Atauliza mtu: chama chenye wanawake ndani kinaleta nini ambacho meneja mwanamke hawezi kuleta? Nitoe mfano mmoja, kwa kuwa ni wa kazi ileile ya shangazi. Chicago, mwaka 2016, tawi la chama cha UNITE HERE liliwauliza wanawake takribani 500 wa hoteli na kasino walichokutana nacho kwa wageni. Katika wale wa hoteli, asilimia 58 walisema wamewahi kusumbuliwa kimapenzi na mgeni. Wakaenda na matokeo hayo hadi baraza la jiji, na Oktoba 2017 likapitisha sheria: kila mfanyakazi anayeingia chumbani peke yake apewe kitufe cha kuita msaada. Hoteli za Chicago hazikukosa mameneja wanawake kabla ya hapo. Kitufe kilidaiwa na waliogonga milango. Sasa soma sheria yetu. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri wa watu 20 au zaidi awe na sera ya kuzuia unyanyasaji wa kingono, na kinawataja wanaoweza kunyanyasa: mwajiri, mwakilishi wake, au mfanyakazi mwenza. Mgeni hayumo. Kwa mhudumu wa vyumba wa Malindi, ambaye hatari yake kubwa iko nyuma ya mlango wa mgeni aliyelipa, sheria imeishia kwenye korido. Mkataba wa 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2019, unazungumzia pia watu wa nje ya kazi kama wateja. Lakini hatuhitaji kusubiri Geneva wala Nairobi. Kipengele kama hicho kinaweza kuandikwa kwenye mkataba wa pamoja msimu ujao, kama mezani atakuwepo mtu atakayekumbuka kukidai. Wanaume wa chama tulio nao si wabaya, ila hawajawahi kugonga mlango huo.

Lipo jambo ambalo wanaotetea vyama hawapendi kulisema, nami nitalisema. Kwa desturi ya mahusiano ya kazi nchini, mtu akifika ngazi ya usimamizi anatoka chamani. Mwajiri mwerevu anajua hivyo. Akiona mwanamke machachari anaanza kusikilizwa na wenzake, anampa usupavaiza. Mshahara unapanda kidogo, anapata meza na kalamu, na chama kinapoteza mdomo. Tunampongeza, naye anastahili. Ana watoto wa kusomesha. Lakini huu ndio wizi wa kimyakimya ambao ngazi moja inaifanyia nyingine, na dawa yake si kumlaumu supavaiza. Ni kuwa na wanawake wengi kiasi kwamba akiondolewa mmoja, watano wamebaki. Na yule aliyepanda akitokea chamani ni meneja wa aina nyingine: anaujua mkataba kwa kichwa, anajua ni vipengele gani vya maonyesho.

Wenye hoteli wana hoja, na ni nzito. Huwezi kumlipa mtu miezi kumi na miwili kwa kazi ya mitano. Mwaka 2020 corona ilipofunga anga, tuliona hoteli zilizokuwa na majina makubwa zikikaa giza, na chama hakikuweza kuwasha taa. Tena likizo ya uzazi ya miezi mitatu hulipwa yote na mwajiri mwenyewe, bila mfuko wa kusaidiana, jambo linalomfanya mwajiri mdogo amwogope msichana kabla hajasoma barua yake. Haya yote nayakubali. Lakini hakuna anayedai kila mhudumu aajiriwe kwa kudumu. Kinachodaiwa ni kwamba msimu ukirudi, aitwe kwanza aliyeanza kwanza, na misimu yake ijumlishwe. Hoteli haitoi shilingi moja Mei kwa kipengele hicho; inachopoteza ni ile raha ya kusoma majina langoni kwa upendavyo. Na hiyo ya mfuko wa uzazi ni jambo ambalo FKE na COTU wangeweza kulidai pamoja serikalini kesho asubuhi.

Hoja ya pili ni kwamba vyama vyenyewe vimeoza: viongozi hukaa hadi wazeeke, ada haionekani ilikokwenda, mgomo hufa usiku mmoja baada ya bahasha kupita. Sina la kuficha, yapo. Ila hoja hii ikifuatwa hadi mwisho inasema kwamba kwa kuwa jahazi linavuja, abiria washuke baharini. Vyama vina uchaguzi ambao Msajili wa Vyama vya Wafanyakazi anausimamia. Tatizo ni kwamba wengi wetu hatujui siku ya uchaguzi wa tawi letu.

Iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika sana barazani: kwamba wanawake wa pwani hawapendi mambo ya chama, kwamba adabu na dini haviwaruhusu kusimama mbele ya wanaume wakidai. Kwanza, watu haohao wakitaka kuupamba mji humtaja Mekatilili wa Menza, shujaa wa Kigiriama aliyewaongoza watu kuwapinga Waingereza, wakapiga picha kwenye sanamu yake, halafu wakaenda kumwambia mke asichelewe kurudi kutoka mkutanoni. Lakini tumwache Mekatilili apumzike; ametumikishwa mno. Angalia vyama vya akina mama vya kuchangiana hapa katika mitaa ya Barani na Muyeye. Vina katiba za kurasa mbili, faini kwa mchelewaji, mweka hazina anayekumbuka deni la mwaka juzi, na mwenyekiti anayeweza kukutoa mbele ya watu wote bila kupaza sauti. Mtu anayeweza kugawa fedha za wanawake thelathini kila Jumapili bila ugomvi anashindwa nini mbele ya afisa rasilimali watu? Kinachomzuia ni saa. Mikutano ya tawi huitwa jioni, wakati watoto wanataka kula na njia ya kurudi nyumbani ina giza, kisha tunahesabu viti vitupu na kusema hawapendi. Ukiita saa tisa alasiri, zamu ya asubuhi ikitoka, karibu na stendi, utaona nani hapendi.

Na yule dada wa kwenye picha? Naamini ndiye atakayefaidika kuliko wote chama kikiwa na nguvu, ingawa huenda hatalisema hadharani. Meneja si mwenye hoteli. Bajeti hutoka kwa wenye mali, na wenye mali wa hoteli nyingi za hapa wako Milano au Nairobi. Akiwaandikia kwamba anataka wahudumu wa misimu waitwe kwa zamu ya ukongwe kwa sababu ni haki, watamjibu kwa upole kwamba wamemwajiri apunguze gharama. Akiwaandikia kwamba kipengele kimo kwenye mkataba uliosajiliwa mahakamani, na kwamba Mahakama ya Ajira iko hapa hapa Malindi, siku hizi hakuna wa kwenda Mombasa, barua hiyo itasomwa mara mbili. Mwanamke aliye peke yake juu hana ushahidi zaidi ya moyo wake. Akiwa na wanawake waliojipanga upande wa pili wa meza, hata akiwa mpinzani wao, anakuwa na sababu ya kufanya lile ambalo pengine alitaka kulifanya tangu siku ya picha.

Kwa hiyo wanaosema mambo yatabadilika wana kitu cha kupimia, na si lazima wangoje miaka. Novemba itafika. Mlinzi atatoka na karatasi, na nje ya lango watakuwa wamesimama wanawake na mifuko yenye viatu vyeusi, wengine wakiwa na misimu kumi, wengine na mmoja. Nitakwenda na shangazi, tukae upande wa pili wa barabara kwa muuza mahamri, tusikilize majina yanasomwa kwa mpangilio gani.